Siku moja na picha moja ya mawio, Bagamoyo

Saa 11:30 alfajiri. Nimeshafika ufukweni, jirani na soko la samaki. Bagamoyo bahari iko mashariki, kwa hiyo Julai hii jua litachomoza mbele yangu mnamo saa 12 na nusu. Nasimika tripodi mchangani, ISO 100 (usikivu mdogo wa kamera kwa mwanga), f/11 (tundu dogo la lenzi), na napima mwanga wa anga, si wa watu.

Saa 12:40. Hapa ndipo silueti inapopatikana au kukosekana. Mtu akiwa mweusi tii, kinachobaki ni umbo tu. Wawili wakizibana wanageuka gogo moja. Nasubiri waachane. Mchukuzi mmoja anaingia majini, ndoo kichwani, maji magotini, mkono mmoja umeishika. Kati ya kiwiko na kichwa pana upenyo mdogo wa rangi ya chungwa. Nabonyeza. Upenyo ule baadaye siwezi kuutengeneza kwenye kompyuta bila kudanganya.

Saa 3. Chai, chapati, kisha nanakili mafaili ghafi, yaani picha kama kamera ilivyoipokea, kwenye diski mbili. Sihariri JPEG, yaani picha iliyokwisha kubanwa, ya anga kama hili. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, faili ghafi la biti 14 lina 16,384, na ukivuta rangi sana kwenye JPEG anga linajichora mistari mistari.

Saa 4. Picha ni ya mwenye nyumba ya wageni, anataka turubai la mapokezi. Nanyoosha upeo wa bahari kwanza. Kamera yenyewe ilikuwa imepoza mawio, basi napandisha joto la rangi hadi kama 6,200 K (kelvini), nasimama hapo. Zaidi ya hapo bahari inakuwa juisi ya embe. Weusi naushusha mpaka histogramu, grafu ya giza na mwanga wa picha, iguse ukuta wa kushoto. Wekundu wa kuzunguka jua nao nauchunga, maana ndio unaoungua, yaani kuzidiwa na mwanga mpaka undani unapotea, kabla ya rangi nyingine.

Saa 6 na robo. Mteja anapiga simu. Nilishamtumia sampuli.

“Kaka, hawa wavuvi mbona siwaoni sura? Si ungewawashia mwanga kidogo?”

“Dada, ngoja nikuoneshe.”

Nainua vivuli, yaani naangaza sehemu za giza, namtumia. Ubavu wa mashua umejaa chembechembe za zambarau, na mchukuzi wangu amekuwa kijivu kama aliyemwagiwa majivu. “Aa, acha tu,” anasema. Sikumwambia sababu yangu nyingine: wale watu walikuwa kazini, na hakuna aliyeniruhusu kutundika sura yake mapokezi.

Saa 8. Kazi ya kuchosha. Nakuza hadi asilimia 200 na kufuata mlingoti na foromali, mti unaobeba tanga, kutoka juu hadi chini. Ukizidisha ukali wa picha, unatokea mstari mweupe pembeni mwa kila kitu cheusi, na watu wengi hawauoni mpaka picha ichapwe. Naufuta kwa brashi, naacha anga tu liwe na nguvu. Halafu vumbi la sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga: kwa f/11, kila punje inajionesha kwenye anga tupu.

Saa 10. Nakala ya kuchapa naitengeneza peke yake. Kioo cha kompyuta kinawaka, turubai haliwaki, hivyo bluu nzito ya juu naing’arisha kidogo isije ikamezwa na weusi. Kamera yangu inatoa pikseli 6,000 kwa 4,000. Baada ya kukata kingo, turubai la sm 90 kwa 60 linapata kama pikseli 160 kwa inchi. Zinatosha. Naomba kipande cha majaribio kabla ya turubai zima, na fundi wa kuchapa ananuna kama kawaida.

Saa 12 jioni. Mteja ameipenda. Sasa anataka na ya machweo, jahazi na jua likizama baharini. Namweleza kwamba huku jua linazamia nchi kavu, nyuma ya minazi. La baharini nitalifuata Unguja, Mji Mkongwe, upande wa Forodhani. Nauli ya boti nimeshaiandika kwenye makadirio.