Harmonie ya New York: Klabu ya Wayahudi wa Kijerumani na Milango Yake

Historia ya klabu za Wayahudi katika miji ya Marekani husimuliwa kwa njia moja karibu kila mara: matajiri Wakristo walikuwa na klabu zao, Myahudi akaomba kuingia, akakataliwa, naye akaenda kujenga yake. Masimulizi hayo yana ukweli mwingi, lakini kwa klabu kongwe kuliko zote za aina hiyo mjini New York yanaanzia katikati ya hadithi. Harmonie ilianzishwa mwaka 1852, miaka 25 kabla ya kisa cha kwanza cha ubaguzi wa kijamii dhidi ya Wayahudi kuzungumzwa nchi nzima. Jina lake la awali lilikuwa la Kijerumani, Gesellschaft Harmonie, na waanzilishi wake walikutana kuimba, kusoma magazeti ya kwao, kuigiza, kucheza karata na kula. Walikuwa Wayahudi, ndiyo, lakini kilichowakusanya chini ya jina hilo kilikuwa kwanza Ujerumani.

Ili kuelewa jambo hili inafaa kukumbuka walikotoka. Wengi walitoka Bavaria na majimbo jirani, mahali ambapo sheria iliwabana Wayahudi hata katika ndoa. Sheria ya Bavaria ya mwaka 1813 iliweka daftari la familia za Kiyahudi kwa kila mji na kijiji, na idadi ya familia haikutakiwa kuongezeka. Kijana aliyetaka kuoa alilazimika kusubiri mpaka nafasi katika daftari iwe wazi, na nafasi hiyo kwa kawaida ilipatikana kwa kifo au kwa mtu kuhama. Mtoto wa kwanza angeweza kurithi nafasi ya baba yake. Wa pili, wa tatu na wa nne walitazama bahari. Joseph Seligman, mzaliwa wa Baiersdorf, alivuka mwaka 1837 na kuwa mchuuzi aliyetembeza bidhaa mashambani Pennsylvania, kisha akawavuta ndugu zake mmoja baada ya mwingine, na hatimaye ndugu wanane wa kiume wakawa na benki yao wenyewe.

Watu wa namna hiyo hawakuichukia lugha ya nchi iliyowanyima ndoa. Waliipenda, wakawaajiria watoto wao walimu wa Kijerumani, wakaswali katika masinagogi ambamo mahubiri yalitolewa kwa Kijerumani, na Temple Emanu-El, iliyoanzishwa mwaka 1845, ikawa nyumba ya ibada ya familia zilezile ambazo jioni zilikutana Harmonie. Ndani ya klabu Kijerumani kiliendelea kuwa lugha rasmi mpaka miaka ya 1890, na picha ya Kaizari, mtawala wa Ujerumani, ilitundikwa ukumbini. Mimi naona hapo ndipo penye uzito wa hadithi nzima, kwa sababu mtu aliyejitambulisha hivyo hakuwa amejenga ngome ya kujikinga. Alikuwa amejenga sebule ya nyumbani kwao ng'ambo ya bahari, na sebule hiyo aliiona kuwa ya kistaarabu kuliko nyingi za Wamarekani waliomzunguka.

Klabu ilipanda mjini pamoja na utajiri wa wanachama wake. Ilianza katika vyumba vya kupanga upande wa chini wa Manhattan, na mwaka 1867 ikahamia katika jengo lake lenyewe, namba 45 West 42nd Street, karibu na ilipo leo Bryant Park. Jambo moja ambalo klabu imelitaja kwa fahari ni kwamba ilikuwa ya kwanza miongoni mwa klabu za wanaume mjini New York kuwaruhusu wanawake kuingia wakati wa chakula cha jioni. Huenda hilo linaonekana dogo leo, ila linaonyesha tofauti ya nia: klabu za Kiingereza, ambazo klabu za New York ziliziiga, zilikuwa mahali pa mwanamume kuikimbia familia yake, ilhali Harmonie iliendeshwa kama nyumba ya koo kadhaa zilizooana, ambamo mke, binti na mkwe mtarajiwa walikuwa sehemu ya shughuli.

Kisha likaja jambo la Saratoga. Majira ya joto ya mwaka 1877, Joseph Seligman alikwenda na familia yake katika hoteli ya Grand Union, mjini Saratoga Springs, ambako alikuwa amekwisha kukaa miaka ya nyuma bila tatizo. Safari hii aliambiwa kwamba hoteli haipokei tena Wayahudi. Amri ilitoka kwa Jaji Henry Hilton, aliyekuwa msimamizi wa mali za marehemu A. T. Stewart, tajiri wa maduka, na hoteli hiyo ilikuwa miongoni mwa mali hizo. Seligman hakuwa mgeni wa kawaida: wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani yeye na ndugu zake waliuza Ulaya hatifungani za serikali ya Rais Lincoln, na jina lake lilijulikana katika Ikulu. Magazeti yalilibeba suala hilo kwa wiki nyingi, mhubiri maarufu Henry Ward Beecher akalikemea kanisani, na wanunuzi Wayahudi wakalisusia duka la Stewart hadi likaathirika. Hata hivyo amri haikubatilishwa, na hoteli nyingine zikajifunza kwamba jambo kama hilo linawezekana.

Lakini kisa kinachohusu klabu moja kwa moja, na ambacho kwangu kinauma zaidi, ni cha mdogo wake Joseph, Jesse Seligman. Jesse aliwahi kuwa na duka Watertown, kaskazini mwa jimbo la New York, ambako alifanya urafiki na luteni kijana wa kambi ya karibu aliyeitwa Ulysses Grant, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani. Baadaye Jesse alijiunga na Union League Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1863 kwa ajili ya kuunga mkono upande wa Lincoln, na akafikia kuwa makamu wa rais wake kwa miaka mingi. Alikuwa mtu wa nyumbani pale. Mwaka 1893 mwanawe Theodore, mwanasheria, alipendekezwa kuwa mwanachama, na waliomuunga mkono hawakuwa watu wadogo: miongoni mwao walikuwamo Joseph Choate, wakili mashuhuri, na Elihu Root, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1912.

Klabu za enzi hizo zilikuwa na utaratibu wa kura ambao unastahili kuelezwa kidogo. Katika nyingi, mpiga kura alipewa gololi nyeupe na nyeusi, akaingiza mkono ndani ya kisanduku cha mbao pasipo mwenzake kuona alichoshika, akaacha moja. Gololi chache nyeusi zilitosha kumzuia mtu. Uzuri wa utaratibu huo, kwa anayetaka kubagua, ni kwamba haumlazimishi mtu yeyote kutamka neno. Mwenyekiti anafungua droo, anahesabu, anatangaza matokeo, na kila mmoja anarudi kwenye sigara yake.

Theodore alikataliwa. Waliompinga walieleza wazi kwamba hawakuwa na neno dhidi yake binafsi wala dhidi ya baba yake. Walichokataa kilikuwa kabila lake. Jesse alijiuzulu papo hapo. Klabu ikamsihi abaki na kukataa kupokea barua yake, jambo ambalo siwezi kulisoma bila kushangaa, maana ilikuwa sawa na kumwambia mzee kwamba kiti chake kipo, ila mwanawe akae nje. Hakurudi tena, na mwaka uliofuata alifariki dunia.

Baada ya hapo Harmonie haikuweza kuwa kama zamani. Tangu mwanzo baadhi ya Wayahudi matajiri wa New York walikuwa wakiingia kwingine. Moses Lazarus, Myahudi wa asili ya Kireno na baba wa mshairi Emma Lazarus, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Knickerbocker Club mwaka 1871. Kufikia mwisho wa karne milango hiyo ilikuwa imefungwa karibu yote. Kijerumani kilikuwa kinafifia midomoni mwa watoto waliozaliwa Marekani, na kilichobaki cha kuwaunganisha wanachama kikawa kile ambacho wengine walikitumia kuwakataa. Kwa maneno mengine, klabu ya Wajerumani iligeuka klabu ya Wayahudi, na kazi kubwa ya ugeuzi huo ilifanywa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga ndani yake.

Jengo la sasa lilisimama wakati huo huo. Liko namba 4 East 60th Street, hatua chache kutoka Fifth Avenue, na lilifunguliwa mwaka 1905. Aliyelichora ni Stanford White wa ofisi ya McKim, Mead & White, msanifu aliyekuwa kipenzi cha matajiri wa mji huo na ambaye mwaka uliofuata alipigwa risasi na kufa juu ya paa la Madison Square Garden. Ng'ambo ya barabara, uso kwa uso, ipo Metropolitan Club, kazi ya ofisi hiyo hiyo, iliyokamilika mwaka 1894. Metropolitan nayo inasimuliwa kuwa ilizaliwa na hasira ya kukataliwa: mwenye benki J. P. Morgan alimpendekeza rafiki yake kwa Union Club (klabu nyingine, si Union League), rafiki akapigiwa kura ya kukataliwa, na Morgan akaamua kuanzisha klabu mpya. Wenye benki Wakristo upande mmoja, wenye benki Wayahudi upande wa pili, mchana wanauziana hatifungani Wall Street, jioni wanaagana kwenye njia ya barabara moja na kila kundi linaingia kwenye mlango wake. White alizipa nyumba zote mbili heshima ya kasri za Italia, na mpita njia asiyesoma historia hawezi kujua ni ipi iliyojengwa na waliokataliwa.

Sasa nifike kwenye upande ambao masimulizi ya klabu hizi hupenda kuupita haraka. Kuanzia mwaka 1881, baada ya kuuawa kwa Tsar Alexander II na mashambulizi dhidi ya Wayahudi yaliyofuata, Wayahudi wa Urusi, Polandi na Romania walianza kumiminika Marekani, na hadi sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ilipobana mlango walikuwa wameingia takriban milioni 2. Wengi walirundikana Lower East Side, mtaa wa Manhattan, wakizungumza Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wakishona nguo vyumbani, wakisali kwa namna ambayo familia za Temple Emanu-El ziliiona ya kale. Wayahudi wa Kijerumani waliwasaidia kwa fedha nyingi mno. Walijenga hospitali, walifadhili shule, walianzisha Educational Alliance pale East Broadway ili wageni wafundishwe Kiingereza, uraia, usafi na adabu za Kimarekani. Ila kuwasaidia ni jambo moja na kuketi nao mezani ni jingine. Harmonie ilibaki ya Wajerumani kwa miongo mingi, na Mrusi aliyetajirika kwa nguo alikuta kamati ya uanachama ikimtazama kwa macho yaleyale ambayo kamati ya Union League ilimtazamia Theodore Seligman.

Sisemi hivyo ili kusawazisha makosa. Waliokataliwa na Union League walifungiwa na wenye nguvu za nchi, ilhali aliyekataliwa na Harmonie alikuwa na njia nyingine nyingi za kuishi. Hata hivyo woga uliokuwa ndani ya ukumbi ule unaeleweka, na haupendezi: waliamini kwamba wageni hawa, kwa kelele zao na ndevu zao, wangewaharibia sifa waliyoijenga kwa miaka 50, na kwamba Hilton mwingine angepata kisingizio. Hawakujiuliza kama Hilton wa kwanza alihitaji kisingizio.

Wageni wenyewe hawakukaa kusubiri. Walianzisha mamia ya vyama vya watu waliotoka mji mmoja, vilivyoitwa kwa jina la mji ulioachwa nyuma, na kazi yavyo ingeeleweka mara moja kwa yeyote anayejua vyama vyetu vya kuzikana: mchango wa kila mwezi, daktari wa chama, posho ya mgonjwa, na kiwanja cha makaburi kilichonunuliwa mapema. Katika makaburi ya Queens na Brooklyn bado yapo malango ya mawe yenye majina ya miji midogo ya Polandi na Ukraine, na majina ya maofisa wa chama yamechongwa kwenye nguzo. Mimi ningekuwa mhamiaji wa mwaka 1900, ningechagua chama cha namna hiyo kabla ya ukumbi wowote wa Stanford White.

Ukuta kati ya makundi hayo mawili ulibomolewa zaidi na harusi kuliko na maazimio. Wajukuu wa Bavaria na wajukuu wa Urusi walisoma vyuo vilevile, walifanya kazi katika kampuni zilezile za sheria na benki, wakaoana. Milango ya nje ilichelewa zaidi. Mwaka 1984 Jiji la New York lilipitisha sheria iliyozihesabu kuwa si za binafsi tena, kwa madhumuni ya kupinga ubaguzi, klabu zenye wanachama zaidi ya 400 ambazo huandaa chakula mara kwa mara na kupokea malipo kutoka kwa wasio wanachama kwa ajili ya shughuli za biashara. Hoja ilikuwa kwamba mikataba hufungwa kwenye meza hizo, hivyo anayezuiwa mlangoni ananyimwa riziki na si burudani tu. Chama cha klabu za jimbo kilifungua kesi, ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1988 majaji wakaiunga mkono jiji. Walionufaika zaidi na sheria hiyo walikuwa wanawake, ambao klabu nyingi bado ziliwapokea kama wageni wa waume zao.

Mwaka 2001 Michael Bloomberg, Myahudi aliyekuwa anagombea umeya wa New York, alitangaza kujitoa katika klabu kadhaa kwa sababu zilikuwa hazijafanya jitihada za kutosha kupokea watu wa asili mbalimbali. Baadhi zilikuwa klabu za Wakristo wa tabaka la juu ambazo miaka 100 kabla yake zisingemruhusu kupita getini. Nyingine katika orodha hiyo hiyo ilikuwa Harmonie.