Ninavyochagua hoteli ya bei nafuu karibu na viwanja vya burudani vya Orlando

Chumba cha dola 60 Orlando kinapatikana karibu wakati wowote wa mwaka. Kigumu ni kujua chumba hicho kitakuwa kimekula kiasi gani ukishalipa kodi, ada, maegesho na nauli. Ndiyo maana hoteli huwa naiweka mwisho: kwanza naamua kiwanja, halafu barabara.

Disney World iko kusini-magharibi, na viwanja vyake vinne vimetawanyika ndani ya eneo lake kubwa. Universal iko kaskazini-mashariki yake, kilomita 15 hadi 25 kwa barabara ya Interstate 4 kutegemea unatoka kiwanja gani, na SeaWorld iko katikati. Tangu Mei 2025 Universal ina kiwanja kingine, Epic Universe, ambacho hakipo pamoja na viwili vya zamani. Kiko kilomita kadhaa kusini, upande wa ukumbi mkubwa wa mikutano. Kwa hiyo tangazo likisema hoteli iko "karibu na Universal", uliza kwanza Universal ipi.

Kwa anayekwenda viwanja vya zamani vya Universal, naangalia upande wa kaskazini wa International Drive, ambayo wenyeji huiita I-Drive, pamoja na hoteli za Major Boulevard ng'ambo ya Kirkman Road. Kutoka huko baadhi ya wageni huenda kwa miguu, na hapo ndipo pesa inapookolewa, maana kuegesha gari kwenye viwanja hivi, Disney na Universal, ni dola 30 au zaidi kwa siku. Pima njia kwenye ramani kwa mwendo wa miguu, kisha fungua picha za barabarani uone kama pana njia ya waenda kwa miguu na taa za kuvukia. Barabara yenye njia sita, saa nne usiku, na mtoto amelala begani, haifanani hata kidogo na ule mstari mfupi kwenye ramani. Juni hadi Septemba ongeza joto la nyuzi 32 na mvua ya radi ya alasiri.

Kwa Disney, bei za chini ziko kwenye barabara ya US 192, mji wa Kissimmee. Barabara hiyo ina vibao vyenye namba kubwa vya kuelekeza wageni, na namba hupanda ukielekea mashariki. Hoteli nyingi hutaja kibao chao kwenye anwani. Ukiona 6, 7 au 8, uko jirani na lango la Disney. Old Town, eneo la maduka na burudani, iko kati ya 9 na 10. Zaidi ya hapo unaanza kuingia Kissimmee yenyewe, na kila kibao kinaongeza taa na foleni asubuhi. Kuna tofauti ya dola 8 au 10 kati ya kibao cha 7 na cha 14, na kwa mwenye gari la kukodi mafuta na muda huimaliza.

Sasa hesabu. I-Drive iko kaunti ya Orange, ambako kodi ya chumba ni asilimia 12.5. Kissimmee ni kaunti ya Osceola, asilimia 13.5. Chukua mfano: chumba cha dola 65 Kissimmee chenye ada ya lazima ya dola 15. Ada nayo hutozwa kodi, kwa hiyo ni 80, na kodi ikiingia inakuwa 90.80. Chumba cha dola 82 I-Drive kisicho na ada kinakuwa 92.25. Tofauti iliyoonekana dola 17 imebaki dola moja na nusu, na bado hujauliza maegesho ya hoteli. Tangu Mei 12, 2025 kanuni ya serikali kuu ya Marekani inataka ada za lazima ziingizwe kwenye bei inayotangazwa, ila kodi inaweza kuongezwa baadaye, na vya hiari kama maegesho si lazima vihesabiwe humo. Mimi hufika hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, hapo ndipo nalinganisha.

Katika wiki zilizopoa, mwisho wa Agosti na Septemba kwa mfano, linganisha pia na hoteli za Disney zenyewe za daraja la chini, zile za All-Star. Mgeni wao haegeshi kwa kulipia, si hotelini wala viwanjani, na mabasi ni bure. Ukizitoa dola 30 za kila siku, wakati mwingine hoteli ya "ghali" inashinda.

I-Drive ina jambo lake jingine: ule ukumbi wa mikutano. Kukiwa na mkutano mkubwa, bei za katikati ya wiki huruka bila sababu nyingine yoyote, kisha hushuka wikendi. Kalenda ya ukumbi iko wazi mtandaoni. Itazame kabla ya kupanga tarehe.

Mabasi ya bure ya hoteli yanahitaji maswali manne: linaondoka saa ngapi, linarudi saa ngapi, linajazwa kwa kujiandikisha jana yake au la, na linashusha wapi. Mengi yanayokwenda Disney hushusha kwenye kituo kikuu cha usafiri, Transportation and Ticket Center, ambako ukitaka Magic Kingdom bado unapanda kivuko au treni ya reli moja, na ukitaka Animal Kingdom unatafuta basi jingine. Likirudi mara moja tu jioni, kabla ya fataki, halikufai. Wasio na gari kwenye 192 wana basi la umma la Lynx, namba 56, dola 2 kwa safari, linalofika kwenye kituo hichohicho. Lipa pesa kamili, chenji hakuna, na angalia saa ya basi la mwisho.

Maoni ya wageni nayapanga kwa mapya kwanza, miezi mitatu tu. Ya nyota tano na nyota moja nayaruka. Ya nyota tatu ndiyo yenye habari. Natafuta neno moja moja: mende, unyevu, amana, maegesho. Moteli nyingine za 192 zina familia zinazoishi humo kwa kulipia wiki. Hilo halina ubaya, ila mara nyingi usafi wa kila siku haupo, na maegesho hujaa jioni.

Ukipewa chumba, mizigo iweke bafuni kwenye vigae, usiitupe kitandani. Washa tochi ya simu, inua shuka kwenye pembe za upande wa kichwani, fuata mshono wa godoro. Vidoti vyeusi kama vya wino ni kinyesi cha kunguni. Rudi mapokezi uombe chumba kisichopakana na hicho, si cha jirani wala cha juu yake.

Kisha kiyoyozi. Moteli za zamani zina kile cha chini ya dirisha. Shusha joto lake hadi mwisho, subiri dakika kumi, huku ukibonyeza zulia lililo chini yake kwa kiganja. Hewa ya Florida ina unyevu mwingi, kiyoyozi hutoa maji muda wote, na njia ya kuyatolea nje ikizibwa na utelezi wa ukungu, maji hurudi ndani. Zulia lenye majimaji ndilo chanzo cha ile harufu ambayo manukato ya kupuliza hayaifichi zaidi ya saa moja. Usikubali "fundi atakuja kesho". Badilisha chumba kabla hujafungua begi.

Kuhusu kadi: mapokezi huzuia dola 50 hadi 150 kama dhamana. Kwenye kadi ya mkopo huhisi kitu. Kwenye kadi inayokata moja kwa moja akauntini, pesa hizo zinaweza kukaa siku kadhaa baada ya kuondoka. Sehemu nyingi zinataka mgeni awe na miaka 21. Nyingine hukataa kitambulisho cha mkazi wa karibu, na hili huwapata jamaa wanaoishi Florida wanaowawekea chumba wazazi waliokuja kutoka Dar au Mombasa. Andika jina lililo kwenye pasipoti ya mgeni mwenyewe, halafu piga simu hotelini, si kwenye tovuti uliyowekea chumba, uulize kama watakubali kadi ya mtu mwingine kwa dhamana na fomu gani ijazwe. Mama asisimamishwe mapokezi usiku kwa sababu kadi ina jina la mwanawe.

Na meza ile iliyo pembeni ya mapokezi yenye tiketi za punguzo kubwa si ya hoteli. Tiketi huja na kikao cha asubuhi cha kuuziwa umiliki wa nyumba za likizo kwa wiki, na kikao cha "dakika 90" huvuka muda wake kwa urahisi. Kama siku moja ya kiwanja inakugharimu zaidi ya dola 100 kwa kila mtu, asubuhi hiyo si bure.