Kabla hujaniagiza kijibwa cha Uingereza

Desemba ikikaribia, simu yangu hujaa maagizo. Zamani yalikuwa viatu, manukato na simu za mtumba. Siku hizi yameongezeka maagizo ya mbwa, na si mbwa wa kulinda geti. Watu wanataka wale wadogo wa ndani, wenye masikio marefu ya manyoya na macho makubwa ya duara, wanaoitwa Cavalier King Charles Spaniel. Binamu yangu wa Shantytown, mtaa wa Moshi, anataka jike. Mama mmoja wa jumuiya yetu pale Moshi anataka dume na jike, azalishe auze. Wote wananiambia lilelile: dada, wewe uko Uingereza, huko ndiko kwao, tutafutie walio bora.

Ni kweli, huku ndiko kwao. Na kwa kuwa niko huku na ninawaona kwa macho yangu, jibu langu ni hapana. Nimeamua kuliandika kwa kirefu kwa sababu kwenye simu naishia kuonekana nina roho mbaya.

Wengi mnajua kazi yangu: nahudumia wazee majumbani kwao. Kuna bibi mmoja aliyevuka miaka themanini, watoto wake wako mbali, anaishi na cavalier jike mweupe mwenye mabaka ya kahawia nyekundu. Mikono ya bibi inatetemeka, hivyo familia yake iliniomba vidonge vya mbwa niwe navitoa mimi. Vidonge vyenyewe ni gabapentini, dawa ambayo wazazi wetu wenye kisukari huandikiwa miguu ikianza kuwaka moto. Mbwa wa kilo saba anakunywa dawa ya mishipa ya fahamu kila baada ya saa nane, na ataendelea kuinywa maisha yake yote.

Nilianza kumwelewa kwa kumtazama akilala. Mbwa wetu wa nyumbani akisikia usingizi anajinyoosha chini, kichwa kwenye vumbi, imekwisha hiyo. Huyu hawezi. Anapanda kwenye kochi, anaegemeza kidevu kwenye mkono wa kochi ili kichwa kibaki juu, na usingizi ukimzidi kichwa kikateleza anaamka na kulia kwa sauti kali ya ghafla. Bibi ameweka mito kila kona ya nyumba kwa ajili ya kichwa hicho. Ukimnyanyua kwa kumshika kwapani analia. Tukitoka matembezi, hatua chache tu anasimama, anainua mguu wa nyuma na kuanza kukuna hewa karibu na bega, kwa kasi, mguu usiguse hata unywele mmoja. Akimaliza anaendelea kutembea, kisha anasimama tena. Na hana kiroboto hata mmoja.

Ugonjwa huo unaitwa siringomielia, ni wa kurithi, na unaanzia kwenye fuvu. Fuvu la cavalier, hasa kwa nyuma, ni fupi kuliko ubongo uliomo. Ubongo unabanwa, na sehemu yake ya nyuma kwa chini inasukumwa kwenye lile tundu ambalo uti wa mgongo unapita kutoka kichwani. Inafanana na hali ya binadamu aliyoieleza Hans Chiari akiwa Prague mwaka 1891, na ndiyo maana kwa mbwa nayo inaitwa kwa jina lake. Sasa, ubongo na uti wa mgongo vimezungukwa na maji, na kila moyo unapopiga maji hayo husogea, yanakwenda na kurudi kupitia tundu hilo. Sisi tuliokulia kwenye mifongo, mifereji ya maji ya mlimani, tunajua kwamba maji yakizibwa mdomoni hayatulii, yanachimba ukingo na kutafuta njia pasipo na njia. Na humo mwilini, mwendo wa maji ukivurugika, mapango yaliyojaa maji yanaanza kufanyika ndani ya uti wa mgongo wenyewe, hasa shingoni. Yakitanuka yanaharibu nyuzi zinazopeleka habari za maumivu. Hapo mguso mdogo tu, wa mkono unaompapasa au wa mkanda wa shingoni, unafika kwenye ubongo ukiwa maumivu makali. Na mguu unakuna mahali pasipowasha.

Kinachoniuma ni kwamba hawa si wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwapima kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, cavalier 555 ambao hawakuwa na dalili zozote. Kati ya wale wa mwaka mmoja, asilimia 25 tayari walikuwa na mapango hayo. Kati ya waliofikisha miaka sita na kuendelea, asilimia 70. Si kila mwenye pango atateseka, wapo wanaoishi nalo bila kulia hata siku moja. Lakini muuzaji akikuambia wazazi wa mbwa wako wazima, tazama wanavyocheza, ukumbuke kwamba hao 555 nao walionekana wazima. Dalili mara nyingi huanza kati ya miezi sita na miaka mitatu, maana yake mbwa anaweza kuwa ameshauzwa, ameshapewa jina na watoto, na ameshazaa. Hapo sijagusa moyo, maana valvu za moyo za mbwa hawa nazo huchoka mapema, na ndizo zinazowaua wengi.

Mbegu hii imetokana na mapenzi ya watu kwa sura. Mfalme Charles II wa Uingereza, wa karne ya 17, alipenda vijibwa vya namna hii mpaka vikapewa jina lake. Baadaye wafugaji wakavipenda vyenye uso bapa. Mwaka 1926 Mmarekani Roswell Eldridge akatangaza zawadi ya pauni 25 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts kwa mwenye mbwa wa pua ndefu kama wa kwenye picha za kale. Mbegu ikaanzia kwa mbwa wachache waliozaliana wao kwa wao, na mwaka 1945 Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, ikaitambua. Mfugaji yeyote wa ng'ombe wa maziwa pale Machame anajua kwa nini dume hubadilishwa.

Sasa nije Arusha, maana mambo yameshafika huko. Likizo iliyopita nilifikia Njiro kwa dada yangu. Shemeji alikuwa amenunua cavalier jike kwa mtu, wakampa jina Bella, ana kama miaka miwili. Kijana wa kazi alikuwa akimwogesha kwa dawa ya kupe kila Jumamosi, tena dawa ya ng'ombe, kwa sababu hakuacha kujikuna. Ngozi ya tumbo ilishaanza kukauka na kubanduka. Mtoto wa dada, wa darasa la tatu, ndiye aliyeliona jambo lenyewe. Aliniambia, "Mamdogo, Bella anajikuna lakini hafiki." Nikachuchumaa naye barazani tukamtazama. Mguu unakwenda mbio, kucha ziko mbali na bega, na macho ya mbwa yanatazama pembeni. Usiku nikamkuta amelala kidevu kikiwa juu ya kandambili za shemeji, alizozikokota mwenyewe na kuzipanga moja juu ya nyingine.

Tulikaa mezani na shemeji. Alikuwa na wateja tayari, wa Sakina na wa Usa River, wengine wameshatanguliza pesa. Aliniambia, "Shemeji, huyu akizaa watoto wanne nimemaliza ada ya mwaka." Nikamwonyesha video za mbwa wa bibi ninayemhudumia, akilala na akikuna. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza swali zito: mbona hata watu wenye selimundu kwenye ukoo wanaoa na kuzaa? Nikamjibu kwamba mtu anapimwa, anaelezwa, anaamua mwenyewe na mwenzake. Mbwa hakuulizwa. Sisi ndio tunaomchagulia mume, na tunamchagulia ili tupate ada.

Alikubali aitwe daktari wa mifugo kwanza. Nataka kumsifu daktari yule, kwa sababu hakukimbilia jina kubwa nililomletea. Alianza na masikio, ngozi na meno, maana usaha sikioni au pingili ya shingo iliyoteleza vinaweza kumfanya mbwa alie na kujikuna vilevile. Akavikuta salama isipokuwa ngozi iliyochomwa na dawa. Ndipo akapapasa nyuma ya shingo taratibu kwa vidole viwili, na Bella akapiga kelele akageuka kama anataka kung'ata, yeye ambaye hajawahi kumnunia mtu. Daktari akazitazama video, akasema uthibitisho kamili ni MRI tu, lakini maumivu hayasubiri picha. Akaandika gabapentini na dawa ya kupunguza maumivu ya mbwa, akakataza kabisa kuogesha kwa dawa ya ng'ombe.

Aliyotuambia nayaandika kwa ajili ya wenye mbwa wa aina hii tayari. Mkanda wa shingoni utoke, kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani. Chombo cha chakula kiinuliwe juu ya tofali ili asiinamishe shingo. Asinyanyuliwe kwa kwapa, mkono mmoja upite chini ya kifua na mwingine chini ya makalio. Msimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya kwenye kabati la nyumbani, zinaweza kumharibu figo na tumbo, na hata kumuua. Na gabapentini ya maji ya binadamu isitumike bila kusoma chupa, kwa sababu baadhi yake imetiwa utamu wa zailitoli, ambao kwa mbwa ni sumu. Wapo wanaofanyiwa upasuaji wa kupanua lile tundu la fuvu, na wengi hupata nafuu, ila mapango yenyewe mara nyingi hubaki, na maumivu yanaweza kurudi.

Kuna watakaosema, basi tupimie damu wazazi tujue. Hakuna kipimo cha damu wala mate cha kumwambia mfugaji kwamba mbwa huyu hatarithisha. Si jeni moja, ni mchanganyiko wa jeni nyingi. Njia iliyopo ni MRI ya baba na mama. Huku Uingereza chama cha madaktari wa mifugo, BVA, pamoja na Kennel Club walianzisha mpango wa vyeti mwaka 2012: mbwa apigwe picha akiwa na umri usiopungua mwaka mmoja, wataalamu wasome, wampe daraja. Sifuri ni kutokuwa na pango, na herufi inayofuata inaonyesha umri aliopimwa. "0a" maana yake amefikisha zaidi ya miaka mitano bado hana. Hicho ndicho cheti cha kuomba, cha baba na cha mama, siyo kile cha ukoo chenye majina ya mababu mabingwa. Utafiti mwingine wa 2011 ulionyesha kwamba wazazi wote wawili wakiwa hawana mapango, asilimia 70 ya watoto hawakuwa nayo. Wazazi wote wakiwa nayo, asilimia 92 ya watoto walikuwa nayo. Kwa hiyo hata ukifanya kila kitu sawasawa, bado kuna watoto watakaoumwa.

Norway wamekwenda mbali zaidi. Januari 2022 mahakama ya Oslo iliamua, katika kesi iliyoletwa na chama cha kutetea wanyama, kwamba kuendelea kuzalisha cavalier ni kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama. Kesi ikapanda rufaa, na Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ikakubaliana na hilo. Hawakumnyang'anya mtu mbwa wake, walichokataa ni kuzalisha mateso kwa makusudi. Mimi naona wamesema kweli.

Na msidhani mkihamia mbegu nyingine mmepona. Fuvu dogo na mapango haya yanaonekana pia kwa Griffon Bruxellois, Chihuahua na Pomeranian. Kadiri kichwa kinavyofupishwa na kuviringishwa kiwe cha kitoto, ndivyo ubongo unavyokosa pa kukaa.

Bella amefungwa kizazi. Shemeji alirudisha pesa za watu, na najua haikuwa rahisi, maana mwezi ule ada zilikuwa zinadaiwa. Dada ananiambia anakuna bado, lakini siku hizi anakimbia mpaka getini gari likiingia, jambo ambalo alishaliacha.

Binamu wa Shantytown, nakuomba uende ukatazame watoto wa mbwa wa kawaida wa pale Rau. Wana vichwa virefu, wanakula makande, na ukiwachanja kichaa cha mbwa kila mwaka watakaa nawe miaka mingi. Mama wa jumuiya, kwako nitakuja mwenyewe tuongee, kwa sababu najua unatafuta kipato na sitaki nikuachie hapana tupu. Kuku wa mayai ninaweza kukusaidia kuanza.

Nitakuwa Moshi kuanzia wiki ya Krismasi mpaka baada ya mwaka mpya. Mwenye kijibwa cha aina hii kinachojikuna bila kugusa ngozi, au kinachotafuta mto, apige video mbili, moja akitembea na moja akilala, anitumie. Daktari wa Arusha amekubali kuziangalia kabla hamjatumia pesa kumsafirisha mbwa.