Nilivyozindua fleti moja mara mbili

Fleti yangu ina chumba kimoja cha kulala, sebule, choo kimoja, na jiko ambalo watu wawili wakikutana humo mmoja lazima arudi kinyumenyume. Iko ghorofa ya nne. Nayataja haya mapema kwa sababu, katika wote walionishauri namna ya kufanya sherehe ya kuhamia, hakuna aliyeniuliza hata moja kati ya hayo. Na waliokuwa na ushauri mwingi kuliko wote ni wale wanaokaa kwenye nyumba zenye uwanja.

Kaka yangu alianza na viti. "Huwezi kuita watu kwako halafu ukawasimamisha," alisema, kwa sauti ya mtu aliyewahi kusimamishwa. Nikaazima huku na huku mpaka vikatimia 16. Kuazima ni bure, ila lifti ilichagua siku hiyo kugoma, kwa hiyo waliovibeba mpaka juu niliwalipa karibu sawa na bei ya kununua. Nikavipanga vikizunguka kuta zote za sebule, nikasimama mlangoni kuvitazama, nikaridhika.

Wageni wa kwanza wakaingia, wakakaa. Waliofuata wakaingia, wakakaa. Uliyeangukia kukaa naye ndiye jirani yako huyo huyo hadi unaondoka. Nilipotoka jikoni na sinia niliwakuta wametazamana kimya, mikono mapajani, na binamu yangu, Mungu amsamehe, akauliza kwa sauti: "Sasa daktari anamwita nani?"

Lakini viti havikuniaibisha kama hodhi. Rafiki yangu mmoja aliniambia hodhi la kuogea ndilo friji kubwa kuliko zote: lijaze barafu, tumbukiza vinywaji, watu wajihudumie. Na kweli, kwa dakika 20 za kwanza nilijiona mjanja wa jengo zima. Nilichosahau ni kwamba hodhi langu na choo changu vinakaa chumba kimoja. Mgeni akaingia, akafunga mlango kwa komeo. Nje ikaanza foleni ya wenye kiu, na nyuma yao wakajipanga wenye haja, na mlango ulipofunguka hakuna aliyejua nani apite kwanza. Mjomba wangu alikuwa wa aina zote mbili. Mwingine alikata tamaa, akagonga mlango akamwambia aliyekuwa ndani, "Ukimaliza nitolee soda mbili, za baridi!" Ndani kimya. Nawe fikiria: soda zenyewe zilipotoka, nani alizitaka? Zilikuwa zimeshinda jioni nzima zimetazamana na choo.

Kisha umeme ukakatika. Oveni ilikuwa inapasha chakula, birika la umeme linachemsha, na shemeji yangu aliyemwagikiwa juisi akachomeka pasi akaushe shati. Birika peke yake hula kama wati 2000, pasi haiko mbali nalo, na vyote vilikuwa kwenye ekstensheni moja. Swichi ya usalama ikafanya kazi yake. Shida ni kwamba sikujua sanduku la swichi liko wapi. Tulilisaka kwa tochi za simu mpaka tukaligundua nyuma ya kabati la nguo, kabati ambalo nililisukuma hapo mwenyewe wiki iliyotangulia, nikajipongeza kwamba linaficha kitu kibaya ukutani.

Watu wanane wakalishika lile kabati gizani. Huyu anasema vuta, yule anasema sukuma, mtu akakanyagwa, wakaanza kucheka. Watu waliokaa saa nzima bila kusemezana wakawa wanaulizana majina huku wamekumbatia kabati. Umeme ukarudi, wakarudi vitini, na kimya nacho kikarudi.

Usiku ule sikulala vizuri. Baada ya mwezi nikafanya sherehe ya pili, kwa kisingizio kwamba ile ilikuwa ya ndugu na hii ni ya marafiki. Waliohudhuria zote mbili wanaujua ukweli.

Safari hii viti vilikuwa vitano tu, kwa wazee na wenye miguu iliyochoka. Vingine vilirudi kwa wenyewe, isipokuwa viwili. Meza za kusimamia nilizitengeneza kwa maboksi ya kuhamia ambayo mpaka leo sijayafungua: mawili mawili, moja juu ya jingine, shuka juu yake, basi. Lenye vitabu likae chini. Nilianza na lenye mito, na glasi tatu zikaenda kabla mgeni wa kwanza hajafika. Mabegi yote kitandani. Chakula kiwe cha kushika kwa mkono mmoja, maana anayehitaji kisu na uma atakudai kiti.

Kuhusu vinywaji sasa, niruhusuni nijisifu. Mashine yangu ya kufulia iko kibarazani, upande wa pili kabisa kutoka mlangoni, na ni ile inayofunguka juu. Niliichomoa kwenye umeme, nikaisuuza vizuri, nikamimina barafu na vinywaji, kisha nikaongeza maji mpaka yakafunika nusu ya chupa. Watu huogopa kuongeza maji wakidhani yanaua barafu, ila barafu tupu huigusa chupa hapa na pale tu, wakati maji huikumbatia yote. Nilihesabu nusu kilo ya barafu kwa kila kichwa, na haikubaki hata ya kupoza kidole. Kila aliyetaka kinywaji ilibidi aikate sebule nzima, na njiani asimamishwe na mtu asiyemjua. Hakuna aliyejazana mlangoni. Watu waliipiga picha mashine kuliko walivyonipiga mimi.

Kwa chupa zilizoletwa na waliochelewa, zikiwa za moto, nilikuwa na ndoo pembeni yenye barafu, maji na viganja kadhaa vya chumvi. Chumvi hushusha jotoridi la yale maji chini ya nyuzi sifuri, na chupa ikikaa dakika kumi na tano hivi inanyweka. Chumvi hiyo isiingie kwenye mashine. Chuma na chumvi ni maadui.

Madirisha ya pande mbili niliyafungua mapema, kabla ya mtu yeyote kulalamika. Mtu aliyetulia hutoa joto la kama wati 100, na mimi nilikuwa na watu 22. Hilo ni birika lile lile linachemka sebuleni jioni nzima.

Bado mzee wa chini. Siku mbili kabla nilishuka kumwona, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mwanangu, safari ile glasi zangu zilikuwa zinacheza ngoma kabatini."

Nikamwomba radhi, nikampa namba yangu ya simu, nikamwambia safari hii muziki unazimwa saa nne usiku.

"Saa nne yako au saa nne ya wageni wako?"

Sikuwa na jibu. Ila spika niliitoa sakafuni, kwa sababu inayosumbua wa chini si sauti ya juu bali besi, nayo hupita kwenye zege kama haipo. Niliiweka juu ya kiti chenye kipande kinene cha sponji ya godoro, mbali na ukuta, nikapunguza besi mpaka wanaopenda besi wakaguna. Saa nne na dakika tano simu ikaita. "Ni saa nne na dakika tano," akasema, akakata. Nikazima. Watu hawakuondoka, waliendelea kupiga soga wakiwa wamesimama mpaka karibu saa sita.

Gharama sikuziandika. Barafu ilikuwa bei ya kucheka, chakula ndicho kilichonichuna.

Asubuhi nikaichomeka mashine kwa mbwembwe, nikaiweka kwenye kutoa maji, nikaketi na kikombe changu kutazama ujanja wangu ukikamilika. Ikanguruma. Maji yakabaki pale pale. Karatasi za chupa zilikuwa zimebanduka usiku kucha na kuziba kichujio, na niliyatoa yale maji kwa kikombe hicho hicho cha chai, kimoja kimoja, mpaka saa tano. Zibandue karatasi kwanza, au nunua vinywaji vya makopo.

Kaka yangu bado anadai viti vyake viwili. Kimoja kiko chini ya spika.