Nilivyopata jina la Mama Semina

Barua yangu ya ajira inasema mimi ni Ofisa Mafunzo, Anuwai na Ujumuishi. Siku nilipompelekea baba aisome, alivua miwani akaniuliza, "Sasa hapa unafanya nini hasa?" Nikajieleza: nahakikisha kila mtu kiwandani anafundishwa kazi mpaka aielewe, na asiwepo wa kuwekwa pembeni kwa sababu ya ulemavu, jinsia, dini au anakotoka. Akacheka. "Kumbe ni mwalimu wa kisomo."

Ana haki ya kusema hivyo. Baba alikuwa Urafiki, kiwanda cha nguo cha pale Ubungo kilichofunguliwa mwaka 1968, na alipoingia alikuwa anasaini mshahara kwa dole gumba. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata madarasa yakafika mpaka viwandani. Baba alisoma baada ya zamu, na aliyemfundisha alikuwa fundi wa mashine mwenzake. Daftari lake analo hadi leo. Mimi nililiona tangu utotoni nikadhani ni ukale tu.

Niliingia kazini mwaka 2013, karani wa utumishi kwenye kiwanda cha vinywaji kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo watu wa Dar tunaendelea kuiita Pugu Road. Jina la kiwanda naliacha. Kazi yangu ilikuwa daftari la mahudhurio, fomu za likizo na kufuatilia michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Tulikuwa wafanyakazi 210, vibarua wa siku siwahesabu.

Siku moja akaja afisa kazi kukagua. Akapitia mikataba, akapitia saa za ziada, halafu akauliza wafanyakazi wenye ulemavu ni wangapi. Tulikuwa naye mmoja, mzee wa kutengeneza paleti aliyekuwa anachechemea kwa polio ya utotoni. Afisa akatukumbusha kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3. Meneja akashika kikokotoo, ikaja 6.3. "Kwa hiyo sita?" Afisa, bila kuinua kichwa kwenye makaratasi yake: "Huyo wa pointi tatu utamwacha getini?"

Kwenye kikao kilichofuata jambo hilo likakosa mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote mezani. Nikapewa mimi. Ndiyo mlango nilioingilia kwenye fani hii, na sijawahi kuupamba zaidi ya hapo.

Cha kwanza nilichofanya kilikuwa cha hovyo. Nilichukua slaidi za Kiingereza kutoka intaneti, nikawaita masupavaiza na waendesha mashine 42 kwenye kanteeni, nikaongea saa mbili kuhusu usawa na usalama kazini. Kulikuwa na soda na sambusa. Kila nilipouliza "Tunaelewana?" vichwa vilitikisika kama mpunga kwenye upepo. Nikatoka nimevimba kichwa.

Kesho yake nikapita sehemu ya lebo. Moja ya mada zangu ilikuwa kufunga umeme wa mashine kwa kufuli jekundu kabla ya mtu kuingiza mkono. Nikamwambia mama mmoja aliyekaa pale miaka 14, "Mama, hebu nionyeshe." Akaangalia mashine, akaniangalia mimi, akacheka. "Dada, sambusa zilikuwa nzuri sana." Kufuli lilikuwepo, linaning'inia kwenye msumari ukutani, lakini lilikuwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani. Hakuna aliyewahi kulifungua. Kuanzia wiki hiyo wakaanza kuniita Mama Semina, na sikuwa nimesifiwa.

Upande wa ajira nako nikajikwaa. Nilikwenda Chama cha Viziwi, CHAVITA, nikampata kijana mwenye mikono mepesi, tukamweka kwenye kupanga katoni. Supavaiza alimsifu. Baada ya wiki tano akaacha. Nikamtumia ujumbe wa simu kumuuliza kama kuna aliyemtesa. Akanijibu: "Hapana dada. Kazi nzuri. Ila siku nzima sina mtu wa kuongea naye."

Ujumbe ule niliuhifadhi. Nilikuwa nimekagua mshahara wake, sare yake, hata njia ya dharura, sikufikiria saa moja ya chakula mchana, yeye na sahani yake katikati ya watu 80 wanaopiga soga. Nikamwambia meneja kwamba safari hii tunachukua wanne kwa mpigo, zamu moja, sehemu zinazoonana. Akasema kiwanda si kituo cha misaada. Nikamwambia wala siombi msaada, naomba nisiajiri mtu kila baada ya wiki tano. Hoja hiyo aliielewa. Na yule kijana alirudi pamoja nao.

Wanne wale ndio walioniondolea slaidi. Mkalimani wa lugha ya alama tulimmudu kwa siku mbili za mwanzo tu, baada ya hapo ilibidi kila kitu kionyeshwe pale pale kwenye mashine: zima, funga kufuli, jaribu kuwasha uone haiwaki, ndipo mkono uingie. Kisha wewe. Kisha mwenzako. Waliokuwa wanasikia wakaanza kusogea kutazama, mmoja mmoja, mpaka mama wa lebo akaniambia hivi ndivyo ningefanya tangu mwanzo. Aliyefundisha bora kuliko wote alikuwa fundi wa zamu ya usiku, mtu asiyependa hata kusalimia mkutano. Nilipomsimulia baba, akauliza kwani nilidhani Urafiki walifundishwa na nani.

Kulikuwa na hofu ya king'ora. Kiziwi atajuaje moto umetokea? Fundi umeme akanunua taa za kuwakawaka Kariakoo, tukazifunga nguzoni. Zoezi la kwanza la dharura likatuumbua. Viziwi walitoka mapema, waliochelewa ni wale wa mashine ya kujazia, ambao siku zote wanavaa vizibo vya masikio kwa sababu ya kelele za chupa. Kumbe king'ora chetu kilikuwa hakisikiki kule miaka yote.

Kila Jumanne tukaweka dakika 20 za lugha ya alama kwenye kanteeni. Walimu ni viziwi wenyewe, na niligombana na uhasibu mpaka wakalipwa posho ya kufundisha kama mkufunzi mwingine yeyote. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kazini: hatari, simama, zima. Watu wakataka kujifunza kwanza hela, mshahara, njaa, na "bosi anakuja." Nikawaacha. Majina ya mashine zetu walitunga wenyewe. Mimi pia nilipewa jina la alama, kidole kinachosukuma miwani juu ya pua. Sikujua kwamba nafanya hivyo mara nyingi kiasi kile.

Suala la vyeti ndilo lililonipa heshima mbele ya wazee wa kiwanda. Mama wa lebo aliwahi kunyimwa usupavaiza kwa sababu tangazo lilitaka cheti cha ufundi, akapewa kijana ambaye kwa miezi mitatu alikuwa anamuuliza yeye kila kitu. Nikagundua kwamba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: wanakupima kwa vitendo, wanakufundisha kwa muda mfupi pale unapopungukiwa, kisha unafanyiwa tathmini na kupewa cheti. Wetu 11 wakajiandikisha. Tisa walifaulu. Mama yule kilichompunguzia alama ni kusoma michoro ya umeme, akakaa na fundi wa usiku wiki nzima, akafaulu. Usupavaiza aliupata nafasi ilipotokea tena.

Mengine yalikwenda haraka. Mlinzi mwenye ualbino tulimtoa getini kwenye jua tukampa kazi ya stoo, na ilikuwa aibu kwamba alikaa kule mwaka mzima. Saa za kunyonyesha, hadi mbili kwa siku, zimo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, lakini kwetu mama aliyeziomba alikuwa anaambiwa akaongee na supavaiza wake. Nikabandika kifungu chenyewe ubaoni, kwa Kiswahili, herufi kubwa. Kelele zikawa siku tatu, zikaisha.

Pesa ndiyo iliyokuwa ngumu. Kila nikiomba bajeti ya mafunzo, mhasibu ananiambia, "Tunalipa SDL, nenda VETA." SDL ni tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, na wakati ule ilikuwa nzito kuliko sasa; mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Simlaumu sana. Nilichojifunza ni kutoingia ofisini kwake na neno "ujumuishi." Niliingia na daftari: katoni zilizorudishwa kwa lebo mbovu, watu walioacha kazi ndani ya miezi mitatu, gharama ya kumfundisha mpya. Alisoma ukurasa wa kwanza akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

Mwaka 2017 nikajiunga na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, stashahada. Nilikuwa nasinzia kwenye daladala nikirudi, mara mbili nilipitilizwa kituo. Huko nilikutana na maelezo ya mambo niliyokwisha kuyafanya kwa kuparamia, kwamba mtu mzima hujifunza kutokana na shida aliyonayo mkononi, na kwamba ana aibu ambayo mtoto hana. Hiyo ya aibu ingenisaidia sana miaka ya sambusa. Mwaka uliofuata cheo kikaandikwa rasmi, pamoja na hayo maneno marefu.

Si kila kitu kilikwenda. Kuna dada wa kiti cha magurudumu aliyefanya usaili wa uhasibu akawashinda wote. Choo cha ghorofa ya chini mlango wake ni mwembamba, kiti hakipiti. Nikaandika ombi la kuupanua, likajibiwa kwamba litaingia bajeti ijayo. Bajeti mbili zimepita. Yeye amepata kazi kwingine, na mimi barua zile bado nazituma.

Vijana hunipigia wakitaka kujua wasome nini ili waifanye kazi hii. Nawaambia wazisome sheria zile mbili mpaka wazijue vifungu, wajifunze lugha ya alama, na wakae zamu moja ya usiku kiwandani bila kuandika chochote. Wengi hiyo ya tatu hawairudii kuiuliza.

Wiki iliyopita tulikuwa na mafunzo elekezi kwa wapya 16. Anayeyaongoza sasa ni yule kijana wa katoni, mimi natafsiri kwa sauti. Alipofika kwenye kufuli, kijana mmoja mstari wa nyuma akatikisa kichwa kwa bidii. Mwalimu akamwita mbele kwa kidole. Kisha akanigeukia mimi, akanipiga begani: kumbe katikati ya maelezo nilikuwa nimeruka hatua ya kujaribu kuwasha. Akaionyesha tena, polepole, mbele ya wote, akasubiri niirudie kwa sauti. Nikairudia.