Doa

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wiki hii nimekwama kwenye Yakobo 3:9. Kwa ulimi twamhimidi Mungu, na kwa ulimi huo huo twawalaani wanadamu "waliofanywa kwa mfano wa Mungu". Nimeusoma asubuhi, nimeusoma usiku, na kila mara unanirudisha Eldoret.

Mwaka 1990 askofu wa Kianglikana wa mji huo alikuwa Alexander Muge. Kenya yetu ilikuwa nchi ya chama kimoja, watu wakisema kwa kunong'ona, naye akisimama mimbarani kukemea unyakuzi wa ardhi na ufisadi mbele ya kila mtu. Waziri wa Leba, Peter Okondo, akatangaza kwamba Muge na askofu mwenzake Henry Okullu wakikanyaga Busia wataona moto, na huenda wasitoke hai. Muge akaenda. Tarehe 14 Agosti, akirudi nyumbani, gari lake liligongana na lori la maziwa, akafa. Waziri akajiuzulu. Hadi leo wapo wasioamini kuwa ile ilikuwa ajali tu.

Moto ule uliotajwa kwa mdomo ulikuja kuonekana kwa macho karibu na Eldoret hiyo hiyo. Tarehe 1 Januari 2008, siku chache baada ya matokeo ya urais kutangazwa, kanisa la Kiambaa lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao kina mama na watoto. Nchi nzima ilizika zaidi ya watu 1,100 msimu ule. Lakini kabla ya kiberiti palikuwa na neno. Majirani wa makabila mengine walikuwa wameitwa madoadoa, na madoadoa, tukaambiwa, yaondolewe.

Nimewasikia ndugu wakisema basi tuache kabisa mambo ya siasa kanisani, tusije tukakosa kwa ulimi. Mimi sikubali. Ukimya nao ungemwacha mnyonge bila shamba. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, kisha inasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi na matamshi ya chuki. Nadhani Muge angeelewa mpaka huo bila wakili. Yeye alitaja tendo: ardhi hii imechukuliwa, irudishwe. Aliyekemewa alibaki na jina lake, na mlango wa toba ukiwa wazi. Doa halina jina. Hakuna anayeliambia doa litubu. Husuguliwa mpaka litoke.

Na sasa niseme langu. Kabla ya uchaguzi wa 2022, mtu alituma kichekesho katika kundi la WhatsApp la kwaya yetu, kuhusu kabila fulani na wanavyostahili kurudishwa kwao. Nikabonyeza kile kikaragosi cha kucheka, nikaendelea kumenya viazi. Jioni nikaona mstari mdogo wa kijivu: dada mmoja ameondoka kwenye kundi. Alikuwa wa kabila hilo, na ndiye aliyekuwa akitufulia majoho. Chai ikimwagika kwenye kola nyeupe, alikuwa akipaka limao na chumvi, akianika juani, akirudia mara mbili, mara tatu, wala hakuwahi kumtaja aliyemwaga.

Nilikaa wiki tatu kabla ya kwenda kwake. Wiki tatu, na kila Jumapili nikiimba sauti ya pili kwa nguvu zangu zote. Siku niliyokwenda alinikaribisha, akanimiminia chai, akaketi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kujieleza: kwamba sikukiandika mimi, kwamba wengi walicheka. Hakuniuliza nani alikiandika. Aliniuliza tu, kwa upole, "Dada, pale ulicheka nini?"

Nilishika kikombe mpaka chai ikapoa. Kisha nikamwambia, "Nilikucheka wewe. Nisamehe."