Somo lililorikodiwa ni la nani?

Assalaam alaykum. Jana, hapa Unguja, tulimaliza kikao cha tatu baina ya tawi letu la chama cha wanataaluma na uongozi wa chuo kuhusu kifungu cha masomo ya masafa, yaani ya mwanafunzi aliye mbali na chuo, katika mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri juu ya masharti ya kazi, nami nimerudi nyumbani sauti imenikauka.

Suala la bando na vifaa lilichukua dakika chache. Lililotuweka hadi adhana ya Magharibi ni somo lililorikodiwa: mwalimu akishaliandaa na kulipandisha kwenye mfumo, je, chuo kinaweza kulitumia mwaka unaofuata bila yeye, au hata baada ya ajira yake kumalizika? Uongozi ulisema kilichotengenezwa kazini ni mali ya mwajiri. Nikajibu kwamba mwalimu anapostaafu haachi daftari lake ofisini, na hoja hiyo, nakiri, niliitoa kwa hasira kuliko nilivyokusudia.

Ninao wanafunzi Wete na Micheweni, kisiwani Pemba, ambao utaratibu huu wa kusoma kwa masafa umewaokoa nauli ya boti, kwa hiyo siupingi wenyewe. Ninachopinga ni kuhesabiwa saa moja ya mhadhara, ilhali maandalizi na maswali ninayoyajibu usiku wa manane hayahesabiwi popote.

Hatimaye tumeandikiana kwamba rikodi itatumika kwa ridhaa ya mwalimu, kwa mwaka mmoja wa masomo. Idadi ya wanafunzi kwa darasa inasubiri kikao cha Jumatano.